HD ya Nini, na Diski ya Matanga Inakufa?

Niseme mapema nisikumalizie bando bure: usinunue. Hiyo mashine ya Blu-ray unayoizungusha kichwani tangu mwisho wa mwezi, au tangu binamu yako wa Nairobi akwambie eti DVD ni za washamba, iache dukani. Nitakueleza kwa nini. Halafu nitakueleza hizo pesa zina kazi gani nyumbani kwenu, na ni kazi isiyongoja.

Kwanza unijue. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikanishinda, nikarudi Migori na begi moja. Kilichonilisha kwa mwaka mzima na zaidi ni duka la muvi. Meza moja, kompyuta mbili za kuchomea, printa inayokwama, na diski tupu hamsini zimepangana kama chapati za hotelini. Diski moja shilingi hamsini. Ukija na flashi, muvi moja ishirini. Kwa hivyo sikuhubirii kuhusu HD kama mtu aliyesoma mahali. Nakwambia kama mtu aliyeiuza feki. Yale makava yenye herufi HD za rangi ya dhahabu, ni mimi niliyekuwa nayaprinti.

Na hivi ndivyo ulivyoibiwa. DVD ya kawaida ina nafasi ya gigabaiti 4.7, na kwa mfumo wa TV tunaotumia Kenya, picha yake ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu. Ni kama nukta laki nne hivi. HD kamili ni 1920 kwa 1080, nukta zaidi ya milioni mbili, yaani mara tano. Kava likiandikwa HD na ndani mna DVD, hapo hakuna HD, kuna karatasi. Na sisi tulikuwa tunaongeza dhambi juu ya dhambi: muvi kumi na mbili za mapigano ndani ya diski moja. Gawa 4.7 kwa kumi na mbili uone kila muvi imebaki na nini. Stelingi akirusha teke, mguu unageuka vipande vya matofali. Hakuna aliyewahi kurudi dukani kulalamika.

Hilo la kutorudi ndilo lilinifanya nifikirie. Lakini ngoja tumalizane na mashine kwanza.

Blu-ray halisi ni tamu, sitakudanganya. Ilianza kuuzwa mwaka 2006, diski moja inabeba gigabaiti 25 au 50, na picha inatiririka kwa kasi kubwa. Niliona moja Homa Bay, nyumbani kwa jamaa aliyerudi kutoka Marekani, sebule inaangalia ziwa. Usiku kwenye ile muvi ulikuwa mweusi kweli, si ule ukijivu wa muvi za kupakua. Nilinyamaza dakika kumi nzima. Ila sasa uliza TV yako ni gani. TV nyingi za inchi 32 tunazonunua huku zina nukta 1366 kwa 768. Ukizimwagia nukta milioni mbili, zitatupa karibu nusu kabla hazijakufikia. Ni kama kubeba maji ya debe kwa kikombe. Ili ufaidi, ubadilishe na TV. Ukibadilisha TV, spika zake zitakuaibisha. Hivyo ndivyo mtu anaingia dukani kununua kitu kimoja na kutoka na deni la sebule nzima.

Na hizo diski utazitoa wapi? Zunguka kutoka Isebania mpaka Rongo, kata kona uende Rodi Kopany ufike Homa Bay mjini, uniletee Blu-ray moja halali iliyo rafuni. Mimi niliyekuwa kwenye biashara sikuwahi kuishika hata moja dukani. Utaagiza nje, ulipe usafiri, ulipe ushuru, halafu ukumbuke kwamba diski hizi zimegawiwa dunia kwa maeneo: Afrika na Ulaya tuko B, Marekani iko A. Binamu akikununulia Dallas kwa mapenzi yake yote, kuna uwezekano mkubwa mashine yako ikatae kuisoma. Umenunua kioo cha kujitazamia.

Tena unaingia kwenye sherehe wakati watu wanakunja viti. Walionunua HD DVD, ile iliyoshindana na Blu-ray, waliachwa barabarani Februari 2008 Toshiba ilipoinua mikono. Netflix, ambayo ilizaliwa ikituma diski kwa posta, ilituma ya mwisho Septemba 2023. Februari 2025 Sony yenyewe, baba wa Blu-ray, iliacha kutengeneza diski zake za kurekodia. (Sony ya Japani, si yetu ya Awendo. Ile yetu ya sukari haina diski.)

Hapa ndipo wale wajuaji watanirukia. Watasema: wewe huelewi, sisi hatufuati nukta, tunafuata kumiliki. Muvi ya mtandaoni si yako, inaondoka wakati wowote. Na wako sawa. Mwishoni mwa 2023 waliokuwa wamenunua vipindi vya Discovery kupitia PlayStation waliambiwa vitafutwa, pesa walizolipa ni shauri yao. Baada ya makelele, uamuzi ule ulibadilishwa. Hata sisi Kenya tulipewa Netflix ya bure kwenye simu mwaka 2021, Novemba 2023 ikafungwa. Kilichotolewa na mwenye nyumba, mwenye nyumba hukitwaa. Hoja hiyo siipingi. Ninaipenda kuliko wao wanavyoipenda, kwa sababu ninataka ifike mwisho wake.

Kama shida ni kumiliki, basi swali linalokuja ni hili: kumiliki nini?

Kwa sababu diski muhimu kuliko zote nyumbani kwenu haina Hollywood ndani. Unaijua. Iko kwenye droo ya kabati la sebule, chini ya kitambaa cha kufuma, pamoja na risiti, betri zilizokufa na rimoti ya TV iliyouzwa. Imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito jina la mtu, na mwaka. Ni diski ya matanga. Au ya harusi, au ya harambee, lakini huku kwetu mara nyingi ni ya matanga. Kuanzia Ndhiwa hadi Awendo, familia inayokosa hata pesa za hema itatafuta za mtu wa video. Amerekodi mwili ukitoka mochari, msafara, waya zako wakilia, kwaya, hotuba moja baada ya nyingine, mpaka jioni watu wakila. Wiki mbili baadaye analeta diski tatu. Familia inaketi na kutazama, inalia mara ya pili, halafu diski zinaingia droo.

Yetu ni ya 2011. Baba alikuwa amefariki, mimi nina miaka kumi na mmoja. Desemba iliyopita tulikutana nyumbani, karibu na Rongo, na mamangu akasema tuiweke, kuna wajukuu hawajawahi kumwona babu yao. Yule mtu wa video alikuwa na akili: mwisho wa diski ya tatu alibandika kipande kutoka harambee ya kanisa ya 2008, Baba yuko hai, ameshika maikrofoni, anatania watu watoe pesa. Ni dakika kadhaa tu. Ndiyo sauti pekee ya Baba iliyobaki duniani, maana simu zetu za siku zile hazikuwa za kurekodi.

Diski ilifika kwenye kwaya ikaanza kukwaruza. Picha ikasimama na mdomo wa mama mmoja wazi. Tukaitoa, tukaipangusa na shati, tukairudisha. Mashine ikaandika kwamba hakuna diski. Mamangu akasema si neno, tutajaribu kesho. Akaenda jikoni na hakurudi kuketi nasi usiku huo.

Na jioni hiyohiyo, nakuapia, binamu yangu alikuwa na daftari anachangisha. Elfu mbili kila mtu, tununulie boma mashine ya Blu-ray, “watoto waone vitu safi.” Nilikuwa tayari nimetoa. Nilimwomba anirudishie, tukagombana mbele ya shemeji. Hiyo ndiyo asili ya makala haya.

Nielezee kinachoziua, kwa sababu nilizichoma mamia na sikujua. Diski ya kiwandani, muvi ya kununua, imepigwa muhuri: vishimo vyake vimo ndani ya plastiki yenyewe. Ile ya kuchoma kwa kompyuta haina vishimo. Ina tabaka la rangi, na mwale wa leza unaibabua rangi ile mahali mahali, basi. Rangi huchujuka. Joto linaichuja, jua linaichuja, unyevu unasaidia. Sasa fikiria sebule yenye mabati bila dari, Homa Bay, mwezi wa pili, saa nane mchana. Diski ya bei rahisi haina bahati hapo. Na usidhani mtu wa video ana nakala. Wetu alifunga studio miaka mingi iliyopita, kompyuta akaiuza na kila kitu kilichokuwa ndani. Droo yako ndiyo makumbusho, na makumbusho yanavuja.

Kwa hivyo unaponiambia unataka kupandisha hadhi ya diski nyumbani, nakuuliza: hadhi ya nani? Utakuwa na jiji la New York kwa nukta milioni mbili na babako kwa nukta sifuri.

Turudi kwa wale wateja wangu wasiolalamika. Walikuwa wanakuja kuuliza kitu kimoja: “Iko na DJ Afro?” Si nukta, sauti. Wanataka mtu wa kwao awaambie kwa Kiswahili cha mtaa huyo stelingi anawaza nini. Ndivyo Tanzania walivyompenda Lufufu, ndivyo Uganda wanavyompenda VJ Jingo. Ndani ya kibanda cha video watoto hamsini walitazama TV ya inchi 21 iliyojaa theluji na wakatoka wanaruka mateke barabarani. Sijawahi kuona Blu-ray yenye Kiswahili kwenye orodha ya lugha, seuze Dholuo au Kikuria. Huko hatujaalikwa. Basi tunakimbilia nini kwa mikopo ya simu?

Najua pia nitaambiwa mwizi wa muvi hana mdomo wa kufundisha watu. Kweli. Sheria ya Hakimiliki ni ya 2001, na kila diski niliyochoma iliivunja, na kati ya niliowaibia walikuwemo watu wa River Road na watu wa Bongo waliokuwa hawana hata mkopo wa kulilia. Niliacha. Kama una elfu mbili za muvi kwa mwaka, walipie Wakenya wanaotengeneza muvi wakizileta mahali unapoweza kulipa. Hilo linaboresha picha kuliko mashine yoyote.

Zinazobaki, fanya hivi, na ufanye mwezi huu. Tafuta kompyuta yenye tundu la diski. Mpya hazina, lakini saiba za Rongo, Oyugis na Kendu Bay bado zinazo za zamani. Pangusa diski kwa kitambaa laini ukitoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe. Nakili kila kitu kilichomo jinsi kilivyo. Ikigoma, jaribu kompyuta nyingine, kwa sababu jicho la mashine moja huona lisichoona jingine. Weka nakala kwenye hadi diski moja nyumbani, na nyingine kwa ndugu anayeishi mbali, ili moto au mwizi asimalize zote. Na usimlipe anayekuahidi kukugeuzia matanga ya 2011 kuwa HD. Hakuna mashine itakayorudisha nukta ambazo kamera haikuzichukua siku ile.

Mimi nilizunguka siku nne. Saiba ya kwanza ilishindwa, ya pili ilishindwa. Homa Bay, karibu na stendi, kijana mmoja alitoa kompyuta ya mezani iliyojaa vumbi, feni yake inapiga kelele kama posho mili. Diski ya kwanza ilitoka yote. Ya pili yote. Ya tatu ilipoteza dakika kumi na moja: kwaya imeenda, hotuba ya chifu imeenda, na mwanzo wa harambee umeenda. Inaanza Baba akiwa tayari katikati ya sentensi, watu wanacheka, na sijui walikuwa wanacheka nini. Yuko na ukungu, nukta laki nne, koti limemzidi mabega.

Nilimlipa kijana mia tatu. Binamu bado anachangisha.