Msiifute 46 usiku mmoja

Mhariri,

Kila ninaposikia watu wakitaka namba za ruti za Nairobi zipangwe upya, nakumbuka Seoul. Tarehe 1 Julai 2004, jiji hilo la Korea Kusini lilibadilisha namba za mabasi yake kwa mkupuo. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri: kwenye basi la buluu lenye tarakimu tatu, ya kwanza ni kanda linakotoka, ya pili ni kanda linakokwenda. Hata hivyo abiria walihangaika vituoni, na meya akalazimika kuomba radhi.

Kwetu, namba nyingi tulizirithi kutoka kwa mabasi ya Kenya Bus Service, yaliyoanza 1934. Matatu zikaja, zikazibeba zilezile. Mama yangu hakusoma. 46 ya Kawangware anaitambua kwa umbo lake tu, pale kwenye kioo cha mbele, kabla makanga hajafungua mdomo. Ukimwondolea hiyo, umempotezea njia ya nyumbani.

Sipingi mpangilio. Ninachowaomba wakuu wa jiji ni kwamba, siku wakiamua, namba ya zamani ibaki kando ya mpya mwaka mzima, tena iandikwe kubwa.

Abiria wa 46,
Kawangware, Nairobi