Tulinde mikoko, nayo itulinde

Mhariri,

Aprili 16, 2024, Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze mwaka 1949. Huko Al Ain zilipimwa milimita 254.8 chini ya saa 24. Hapa Dubai barabara zilijaa maji, kwani lami na saruji hazinywi maji. Mwezi huohuo, mafuriko yaliwahamisha watu Rufiji na Nairobi.

Lakini si jiji lote ni lami na saruji: karibu nasi, Ras Al Khor, heroe bado wanajilisha kwenye matope kando ya mikoko iliyohifadhiwa katikati ya jiji. Ndugu zetu wa Lamu, Pemba na Rufiji, msiikate mikoko yenu: ni mazalia ya samaki na ngao ya pwani.

Msomaji wako,
Al Rigga, Dubai