Anayekushauri Ujenge Meli za Kivita Kwanza, Muulize Yeye Anakula Nini

Najua nimepotea. Kazi za gazeti zilinibana, na zile dakika chache zilizobaki usiku nilikuwa nazitumia kujenga himaya angani. Ndiyo, mmesoma sawasawa, himaya angani. Wale mnaoamini michezo ya kompyuta ni ya watoto mnaweza kuishia hapa, tutaonana makala ijayo. Wengine vuteni viti, maana leo nina hasira na nina mahesabu.

Mchezo wenyewe unaitwa OGame. Ulianza Ujerumani mwaka 2002, unaendeshwa na kampuni ya Gameforge, na hadi leo unachezwa. Hauhitaji kompyuta ya bei mbaya. Unafungua tu intaneti, unajisajili, unapewa sayari moja na madini kiduchu ya kuanzia, halafu unaambiwa: haya, jenga. Rasilimali ni tatu: chuma, fuwele na deuteriamu, ambayo ndiyo mafuta ya meli. Jambo moja ulishike mapema: mchezo huu hausimami ukizima kompyuta. Ukilala, migodi yako inaendelea kuchimba. Ukilala pia, wenzako wanakuja.

Sasa ugomvi wangu. Ingia kwenye kijiwe chochote cha wachezaji, uliza swali la mgeni: "Jamani, ndiyo kwanza naanza, nifanye nini?" Hatakosa mmoja wa kukujibu kwa kujiamini kabisa: "Jenga meli za kivita. Mwenye jeshi ndiye mwenye heshima. Migodi utajenga baadaye." Nauita ushauri huu ushauri wa mchinjaji kwa ng'ombe. Na ninasema hivyo nikijua fika kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuutoa.

Nina mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, yuko chuo mwaka wa kwanza. Tangu aondoke nyumbani, mchezo huu ndio uliokuwa mazungumzo yetu. Hatukuwa watu wa kupigiana simu kuulizana "umekula?" Tulikuwa watu wa kuulizana "umefika ngazi ya ngapi?" Alipoanza aliniuliza lile swali la mgeni, nami nikamjibu kama nilivyofundishwa na mkubwa mmoja wa muungano wetu, mchezaji wa miaka mingi: jenga meli kwanza. Dogo akatii. Kwa wiki tatu mgodi wake wa chuma ulibaki ngazi ya 7, kila kilichopatikana kikaenda kiwandani, hadi akawa na meli nyepesi za kivita 60. Alinitumia picha ya ukurasa wake. Nikamwambia, "Sasa umekuwa mwanaume."

Usiku wa siku ya tatu baada ya picha ile, saa tisa, akiwa amelala, zote 60 zilipigwa zikiwa zimeegeshwa palepale kwenye sayari yake. Asubuhi akanitumia ujumbe: "Kaka, wamenimaliza." Nikaomba taarifa ya vita nione ni nani. Alikuwa ni yule yule mkubwa aliyenifundisha mimi. Nilipomuuliza, akanijibu kwa maneno matatu: "Biashara ni biashara."

Haya, hebu tufanye hesabu, maana hasira bila hesabu ni kelele.

Meli moja nyepesi ya kivita inagharimu chuma 3,000 na fuwele 1,000. Meli 60 ni chuma 180,000 na fuwele 60,000. Sasa jiulize, ikiegeshwa pale inazalisha nini? Sifuri. Inakusubiri wewe uamke uitumie, na inamsubiri mwingine aamke kabla yako.

Upande wa pili uweke mgodi. Kwenye seva ya kasi ya kawaida, mgodi wa chuma wa ngazi ya 7 unatoa kama chuma 409 kwa saa. Kuutoa ngazi ya 7 hadi ya 14 kunagharimu, ukijumlisha hatua zote saba, karibu chuma 33,000 na fuwele 8,250. Hiyo ni chini ya bei ya meli kumi na moja! Na mgodi wa ngazi ya 14 unatoa karibu chuma 1,595 kwa saa, ambayo ni karibu mara nne ya mwanzo. Kila saa, mchana na usiku, uwe darasani, kwenye daladala au kitandani. Utaniambia mgodi unataka umeme. Kweli kabisa. Jenga mitambo ya umeme wa jua uiongeze kwenye hesabu, bado hutafika bei ya zile meli 60. Na kitu ambacho washauri wetu hawakisemi: hakuna mtu kwenye mchezo huu anayeweza kuja kukubomolea mgodi. Meli zinavunjwa. Mgodi haubomolewi na mvamizi.

Tuje kwenye sehemu yenye harufu. Meli zinapovunjwa vitani, kwenye seva za kawaida asilimia 30 ya chuma na fuwele zilizotumika kuzijenga hubaki zikielea angani kama mabaki. Mwenye meli za kukusanya anakuja anazoa. Kwa hiyo zile meli 60 za dogo zilimwachia mkubwa chuma 54,000 na fuwele 18,000. Wiki tatu za mtoto wa watu, mwingine kazizoa usiku mmoja. Kama dogo angekuwa na migodi tu na hana meli hata moja, mkubwa angezoa mabaki gani?

Kule chumba cha habari, mhariri wangu ana swali moja analouliza kila ukimpelekea habari ya mtu anayetoa ushauri wa bure: nani ananufaika? Nimeliuliza swali hilo kwa mawaziri, kwa wafanyabiashara, kwa viongozi wa vyama. Sikuwahi kuliuliza kwa yule mkubwa wangu wa muungano. Wachezaji wakubwa wanaoishi kwa kuvamia wanahitaji meli za watu wengine. Wageni wakijenga migodi, wakubwa watakula nini? Sisemi kila anayetoa ushauri ule ana nia mbaya. Wengi wanarudia tu walichoambiwa, kama nilivyofanya mimi. Lakini ushauri ulianza mahali, na umeendelea kuishi kwa sababu kuna watu unawalisha.

Najua pingamizi litakalokuja. Mtasema: bila meli utavamia vipi? Mgeni naye anatakiwa apate cha juu. Sawa, nakubali, tena sana. Ila soma tena bei. Meli ndogo ya mizigo inagharimu chuma 2,000 na fuwele 2,000. Jumla 4,000, sawasawa na ile meli nyepesi ya kivita. Ya mizigo inabeba 5,000. Ya kivita inabeba 50. Hamsini, wadau! Unakwenda kuiba mpunga na kikombe cha kahawa? Mchezaji asipoingia kwa siku 7 huwekewa alama ya kutokuwepo, na migodi yake inaendelea kuchimba. Peleka chombo cha upelelezi, kinagharimu fuwele 1,000 tu. Ukiona hana ulinzi wala meli, peleka za mizigo, beba, rudi. Kwa kawaida unaruhusiwa kuchukua hadi nusu ya kilichopo. Kazi hiyo haihitaji jeshi.

Kwa hiyo wewe unayeanza leo, hivi ndivyo ningemwambia dogo kama ningekuwa na akili.

Kwanza, umeme kabla ya mgodi. Umeme ukipungua, migodi yote inazalisha chini ya uwezo wake. Nimeona watu wanapandisha mgodi kwa furaha halafu uzalishaji unashuka, wanalalamika seva ni mbovu. Angalia namba ya nishati; ikiwa nyekundu, jenga mtambo wa jua kwanza.

Pili, chuma kitangulie, fuwele ifuate ngazi mbili au tatu nyuma, deuteriamu iwe ya mwisho lakini usiisahau. Vitu vingi vya mwanzo vinakula chuma kuliko fuwele, na bila deuteriamu meli zako za mizigo hazitoki nyumbani.

Tatu, lala maskini. Hili liandike ukutani. Kabla hujalala, tumia kila ulichonacho. Anzisha ujenzi mrefu, anzisha utafiti. Rasilimali ikishaingia kwenye ujenzi, mvamizi haigusi. Atakayekuja kuchungulia saa tisa usiku atakuta ghala halina kitu, atakwenda kwa jirani. Wewe utaamka na mgodi mpya.

Nne, ulinzi wa kutosha kumkera mvamizi. Mtambo wa kurusha roketi ni chuma 2,000, hauhitaji fuwele. Hutaweza kumshinda mkubwa, na wala huna haja. Unachotaka ni kwamba akipiga hesabu ya atakachopoteza na atakachopata, aone haimlipi. Kila mtambo ukivunjwa una nafasi ya asilimia 70 ya kurudi wenyewe baada ya vita, na kwenye seva za kawaida hauachi mabaki ya kuzolewa. Linganisha na meli, halafu uniambie kipi ni cha mgeni.

Tano, ukishapata koloni na ukaamua sasa unataka meli, jifunze kuzilaza hewani. Kabla ya kulala, pakia kila kitu kwenye meli uzitume kwenda koloni lako kwa mwendo wa kinyonga. Mchezo unaruhusu hadi asilimia 10 ya kasi. Zipigie hesabu zifike ukiwa macho. Meli iliyo safarini haipigwi kwa shambulio la kwenye sayari. Asiyelijua hili hajawa tayari kumiliki meli, hata angekuwa na chuma cha kujaza Kigamboni.

Mtaona sijasema meli za kivita ni haramu. Wapo wanaoishi kwa vita na wanaufurahia mchezo hivyo, wanaamka saa kumi alfajiri kupokea meli zao kama mtu anayekwenda Feri kupokea samaki. Nawaheshimu. Lakini hata hao, fuatilia walianzaje: nyuma yao kuna migodi au kuna ghala za watu waliowavamia. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Ukiona kundi la meli 5,000 kwa mtu, usiulize alinunua lini, uliza chuma kilitoka wapi.

Hata mpangilio wa michezo ya aina hii unasema hivyo hivyo. Mwaka 1993, mwandishi wa Marekani Alan Emrich, akiandika kuhusu mchezo wa Master of Orion, aliipa michezo ya himaya mambo manne: kuchunguza, kupanuka, kuvuna na kuangamiza. Angalieni kuangamiza kumekaa wapi. Sisi tunamfundisha mgeni aanzie mwisho.

Dogo naye alitoa hitimisho lake. Alisema, "Kaka, huu ni mchezo wa wenye hela," akafuta akaunti. Siwezi kukana kwamba hela ina nafasi. Kuna sarafu ya ndani ya mchezo, Maada Nyeusi, inayouzwa kwa pesa halisi, na mwenye nayo anaharakisha mambo mengi. Lakini usiku ule haikuwa hela iliyomwangusha. Ziliangushwa meli 60 zilizoegeshwa, na ushauri uliozifanya ziegeshwe. Ushauri wenyewe ulitoka kwa mtu aliyemwamini.

Hilo ndilo linaloniuma. Angelishwa ujinga na mtu asiyemjua, angecheka akaanza upya. Alilishwa na mimi. Siku hizi nikimtumia ujumbe ananijibu "poa kaka", basi. Hatujagombana, ila hatuna tena cha kuulizana.

Kwa hiyo, wadau, ombi langu ni dogo. Mgeni akikuuliza aanzie wapi, usimjibu kwa kukariri. Fungua kurasa za bei, piga hesabu naye. Kama huna muda wa hesabu, mwambie hujui, hiyo nayo ni heshima. Na wewe mgeni, ukipewa ushauri, uliza mshauri anakula nini.

Dogo, kama unasoma hapa: nimejisajili upya kwenye seva mpya, nimeanza na sayari moja kama wewe. Nina mgodi wa chuma ngazi ya 9, umeme unatosha, na sina hata meli moja ya kivita. Mfumo wa jua niliopo bado una nafasi. Nikitoka zamu ya usiku nitakuwa macho hadi saa nane.

Wengine, mwenye hoja tofauti aje nayo, ila aje na namba. Karibuni tujadili.