Saa Mbili za Mashine, Siku za Mgonjwa

Hapana shaka kwamba mashine ya GeneXpert, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa mwaka 2010, imebadili utambuzi wa kifua kikuu. Kwa muda wa saa mbili hivi hubaini bakteria katika makohozi pamoja na usugu wao kwa rifampisini, ilhali kuwaotesha bakteria hao maabarani huchukua majuma kadhaa, hata manane.

Lakini saa hizo mbili huhesabiwa tangu lini? Mfugaji wa Kaaleng, kaskazini mwa Turkana, huanza kuhesabu siku anapoiacha mifugo na kutafuta usafiri wa kwenda Lodwar. Kipimo kilicho mbali ni cha haraka kwa mhudumu wa maabara tu. Isitoshe, mashine hiyo huhitaji umeme usiokatika na joto lisilozidi nyuzi 30, na joto la mchana Turkana aghalabu hufika 35!

Wanaodai kuwa kuotesha kumepitwa na wakati nao wamepotoka. GeneXpert husoma vinasaba, hata vya bakteria waliokwisha kufa. Kwa hiyo haifai kumwonyesha daktari iwapo matibabu yanafaulu. Bakteria wanaoota ni walio hai, na ndio wanaoweza kujaribiwa kwa dawa nyingi zaidi.

Basi swali la Kaaleng si kipimo kipi kichaguliwe. Makohozi yasafirishwe katika kasha la baridi, kila juma bila kukosa. Majibu yarudi zahanatini kwa simu, na mgonjwa aanzishiwe dawa huko huko.