Jumba la Kijiji Lipewe Kazi

Katika wilaya ya Songyang, jimbo la Zhejiang nchini China, lipo funzo linalowapasa viongozi wetu kulitazama. Mwaka 2016 kijiji cha Xing kilipata kiwanda cha sukari guru kilichosanifiwa na Bibi Xu Tiantian. Msimu wa miwa, wanakijiji hupikia humo sukari yao kwa ufundi waliourithi kwa wazee. Msimu ukipita, kiwanda hugeuka ukumbi wa mikutano na michezo. Na katika kijiji cha Hengkeng, mianzi hai imepindwa na kufungwa pamoja ikawa jukwaa la maonyesho.

Hapana shaka nasi tunayo majumba ya wananchi. Lakini jumba lisilo na kazi ya kila siku hufunguliwa kwa hotuba, kisha hufungwa kwa kufuli. Visiwani hatukukosa mafundi wa chokaa na makuti, wasusi wa mikeka wala wapishi wa halua. Basi afisa atakayeleta ramani ya ukumbi mpya aulizwe kwanza: nani atafanya kazi humo siku isiyo ya sherehe? Akikosa jibu, arejee kijijini akaulize, kabla fedha ya umma haijatumika.