Je, Familia Yahitaji Kibali ili Ikutane Mbinguni?



Alitujia baba mmoja baada ya Misa ya pili, akangoja hata akina mama wa jumuiya walipomaliza shida zao, ndipo akatoa karatasi mfukoni. Ni mtu tunayemfahamu. Huondoka nyumbani kabla ya alfajiri ili apate gari la kwenda kazini mjini Nairobi, na hurudi watoto wamekwisha kulala. Hadaiwi chochote na jumuiya yake, wala hajapata kutajwa kwa ulevi. Karatasi ile ilikuwa ya idhini ya mzazi. Mwanawe wa kwanza, mwenye umri wa miaka 17, ataka kubatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wetu twaliita la Wamormoni, na kwa kuwa hajatimiza miaka 18, lazima mzazi aridhie kwa sahihi.

«Padre,» alituuliza, «nitie sahihi au nisitie?» Kisha, kabla hatujajibu, akaongeza neno lililotuchoma zaidi. Miaka mitatu iliyopita alimzika binti yake wa miaka minne. Vijana wawili waliokuja kumfundisha mwanawe walimkuta mama wa nyumba akiitazama picha ya marehemu ukutani, wakamweleza kwamba katika hekalu lao familia huunganishwa kwa umilele wote, na mtoto aliyefariki huunganishwa na wazazi wake. Tangu siku hiyo mama halali vizuri. «Je, Padre, sisi tunamwacha mtoto wetu peke yake?»

Tunaandika kurasa hizi kwa ajili ya swali hilo. Huenda mwingine akauliza, Tume ya Haki na Amani yahusikaje na mafundisho ya dini nyingine? Si kazi yake ni ardhi, mishahara, uchaguzi na mahabusu? Ndiyo. Lakini mtu akimwambia mzazi aliyefiwa kwamba ili ampate tena mtoto wake lazima apite mlango fulani kwa masharti fulani, jambo hilo ni la haki pia, kwa sababu mzigo umetwishwa bega ambalo tayari limeelemewa.

Tuanze kwa kusema kweli juu ya jirani zetu, maana kumsingizia mtu ni dhambi hata kama twampinga. Vijana hao, wenye mashati meupe na vibandiko vya majina kifuani, hujitolea muda wa miaka miwili mbali na kwao. Hawanywi pombe, hawavuti tumbaku. Hata chai na kahawa hawaonji, jambo ambalo katika nchi ya Kericho na Nyeri ni sadaka isiyo ndogo. Kila Jumatatu jioni familia zao hufundishwa kuketi pamoja kusali, kusoma na kuzungumza, desturi waliyoianza mwaka 1915. Sheria ya nchi yetu yawapa uhuru wa kuabudu, na Kanisa letu, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965, lilitamka kwamba mtu asishurutishwe katika dini. Kwa hiyo Mkristo atakayewafungulia mbwa au kuwatukana njiani asidhani ameitetea imani Katoliki.

Lakini heshima kwa mtu si kukubali kila alichofundishwa. Hebu tutazame wanachokisema juu ya Baba, juu ya ndoa, na juu ya sisi Waafrika.

Kanisa lao lilianzishwa na Joseph Smith tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, Marekani. Wao hufundisha kwamba baada ya Mitume Kanisa lilipotea, likarudishwa kwa mkono wake. Maandiko yao yasema kwamba Mungu Baba ana mwili wa nyama na mifupa, na Smith mwenyewe, katika hotuba yake ya Aprili 1844, miezi michache kabla ya kuuawa, alifundisha kwamba Mungu hapo kale alikuwa kama mwanadamu. Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kwao ni watatu walio mbalimbali, wenye nia moja, wala si Mungu mmoja kama tunavyoungama sisi. Hii ndiyo sababu Idara ya Mafundisho ya Imani huko Roma ilijibu mwezi Juni 2001 kwamba ubatizo wao si halali kwetu, ingawa watumia maji na wayataja majina matatu yale yale. Maneno ni mamoja, yanayokusudiwa si mamoja.

Seminarini tulikaririshwa habari za Ario na Nestori hata tukaota usiku, wala hatukudhani kwamba siku moja baba wa familia angetuuliza jambo hili hili chini ya mwembe. Kwake yeye si mchezo wa wanazuoni. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Waefeso, asema kwamba ubaba wote mbinguni na duniani hupata jina lake kwa Mungu Baba. Ikiwa Mungu naye alikuwa mtu akapanda cheo, basi ubaba hauna chemchemi. Kila baba ana baba juu yake, naye ana mwingine, na hakuna hata mmoja aliye asili. Sisi twaamini kwamba baba huyu anayeamka saa kumi usiku akavaa koti lake gizani, ashiriki kitu ambacho kwa Mungu hakikuanza wala hakitakwisha.

Sasa ndoa. Hao jirani zetu hufundisha kwamba ndoa iliyofungwa nje ya hekalu lao, hata ikiwa ya uaminifu namna gani, hufikia kikomo chake kaburini. Ile tu iliyotiwa muhuri hekaluni ndiyo idumuyo. Na hekaluni haingii kila mtu. Muumini huhojiwa na viongozi wake wawili, huulizwa juu ya imani na mwenendo wake, na kama ni mlipaji kamili wa zaka. Akifaulu hupewa kibali. Asiye na kibali hukaa nje, hata akiwa mama mzazi wa bibi harusi. Kwa miaka mingi, kule Marekani, waliofunga ndoa ya serikali kwanza ili wazazi wao wasio wa dini hiyo washuhudie, walilazimika kungoja mwaka mzima kabla ya kupokelewa hekaluni. Kanuni hiyo iliondolewa mwaka 2019.

Tafakarini hayo, enyi wazee mnaojua maana ya mahari na ya kuketi pande mbili za ukoo. Kwetu arusi huletwa mbele ya watu. Milango ya kanisa huwa wazi, na hata mpita njia aliyevutiwa na vigelegele aweza kuingia akasimama nyuma.

Wao husoma pia habari ya Masadukayo na yule mwanamke aliyeolewa na ndugu saba, katika sura ya 22 ya Injili ya Mathayo, ambapo Bwana asema kwamba katika ufufuko watu hawaoi wala hawaolewi. Hujibu kwamba huko hakuna kufunga ndoa kwa sababu sharti ifungwe hapa duniani. Lakini ndugu wale saba walioa hapa hapa duniani kwa Torati ya Musa, wala Bwana hakuwaambia Masadukayo kwamba walikosa ibada fulani. Alisema wanakosea kwa kutoyajua Maandiko wala uweza wa Mungu. Ndoa ni ishara ya kitu. Tutakapokipata kitu chenyewe, ishara imemaliza kazi yake. Wala mapendo hayafi. Huyo mama atamfahamu bintiye.

Akina mama na walitazame hili pia. Maandiko yao ya mwaka 1843 yaliruhusu mume mmoja kuoa wake wengi kwa umilele. Zoea hilo duniani walianza kuliacha kwa tangazo la mwaka 1890, na leo anayeoa wake wengi hufukuzwa. Hata hivyo, mjane mwanamume aliyetiwa muhuri na marehemu mkewe aweza kutiwa muhuri na mke wa pili, akitumaini kuwa nao wote wawili huko. Mwanamke aliye hai hawezi kutiwa muhuri na waume wawili. Bibi zetu walioonja ukewenza hapa duniani wangeambiwa unawangoja na mbinguni, sijui wangejibu nini.

Tumefika kwenye jambo ambalo kijana wa miaka 17 huenda hakuelezwa. Mwaka 1852 Brigham Young, aliyemfuata Smith, alitangaza kwamba mtu mweusi hawezi kupewa ukuhani wa kanisa hilo. Tangu hapo weusi waliruhusiwa kubatizwa, lakini wanaume wao hawakupewa daraja, na mume na mke weusi hawakuweza kutiwa muhuri hekaluni wao kwa wao wala pamoja na watoto wao. Palikuwa na mwanamke mweusi, Jane Manning James, aliyemfahamu Smith na kukaa nyumbani mwake, akasafiri na wenzake hata Utah. Aliomba mara nyingi aunganishwe milele kama wengine. Mwaka 1894 alikubaliwa aunganishwe na nyumba ya Joseph Smith, akiwa mtumishi, na hata kwa ibada hiyo hakuruhusiwa kuingia. Mwanamke mzungu alisimama badala yake. Alifariki mwaka 1908. Marufuku hiyo iliondolewa Juni 1978.

Hesabuni wenyewe: ni miaka 126. Mwaka 2013 kanisa hilo lilichapisha maelezo likiyakana mafundisho ya zamani kwamba weusi wa ngozi ni alama ya laana, nasi twalipongeza kwa hilo. Lakini swali letu halijajibiwa. Ikiwa ni kweli kwamba baba hawezi kuwa na watoto wake milele pasipo muhuri ule, basi kwa miaka 126 Mungu aliwafungia baba zetu mlango wa watoto wao kwa sababu ya rangi. Na ikiwa Mungu hakufanya hivyo, bali ni wanadamu waliokosea, basi walikosea katika jambo lile lile wanalolileta leo sebuleni kwa mama aliyefiwa kuwa ndilo la hakika kuliko yote.

Wataambiwa watu kwamba nasi tuna madoa. Tunayo. Wajesuiti wa Maryland, mwaka 1838, waliuza watumwa 272, nao walikuwa Wakatoliki waliobatizwa na kulishwa Ekaristi. Aibu hiyo hatuifuniki. Lakini hata katika uovu huo hakuna aliyethubutu kufundisha kwamba Ekaristi ile haikuwa yao, au kwamba mtoto wao mchanga aliyebatizwa hangewangoja mbinguni.

Kwa viongozi wa walei, machache ya utendaji. Binti wa parokia akitaka kuolewa na muumini wa kanisa hilo, asifukuzwe wala asifichwe. Aletwe mapema kwa paroko, maana kwa kuwa ubatizo ule si halali, ndoa hiyo yahitaji ruhusa ya Askofu, na mhusika Mkatoliki huahidi kufanya awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika imani. Makarani wa ofisi nao wakumbuke kwamba tangu mwaka 2008 Roma imeagiza vitabu vya ubatizo visitolewe kupigwa picha na chama cha nasaba cha Utah, kwa kuwa majina ya marehemu hutumiwa kubatizia watu kwa niaba yao. Na atakayetoka kwao kuja kwetu hubatizwa. Mkatoliki aliyekwenda kwao akarudi habatizwi tena, anapatanishwa.

Hekalu lao la Nairobi lilizinduliwa Mei 2025. Kabla ya hapo familia ya Kenya iliyotaka kutiwa muhuri ilisafiri mbali, hadi Johannesburg. Sasa mlango uko karibu, na maswali kama ya baba huyu yataongezeka.

Tulimjibuje? Kwanza tulimwomba radhi. Mtoto wake tulimzika sisi, siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha, tukaondoka kwa haraka kwa sababu kigango kingine kilitungoja. Na katika miaka mitatu hatukurudi hata mara moja katika nyumba ile. Wale vijana walikuja mara sita. Mama hakuvutwa na hoja juu ya Utatu. Alivutwa na mtu aliyeitazama picha ya bintiye akauliza jina lake. Jumuiya ilileta mchango wa jeneza, ikaandika daftarini, mambo yakaisha. Hapo sisi ndio tuliodhulumu.

Kisha tukamwambia asitie sahihi, kwa sababu mzazi haridhii kwa mkono wake jambo ambalo dhamiri yake yalikataa. Tukamwambia pia asimpige kijana, asimnyime karo, wala asimtoe mezani. Akishatimiza miaka 18 atachagua mwenyewe mbele ya Mungu, na ni heri achague akiwa amemsikia baba yake akisema anachokiamini, jambo ambalo kwa kukiri kwake mwenyewe hajawahi kulifanya.

Jumapili iliyofuata, jioni, tulikwenda nyumbani kwao. Tulisali kwa ajili ya binti, tukimtaja jina, na mama akatueleza habari zake kwa muda wa saa nzima. Baba alimweleza mwanawe kwa nini hakutia sahihi. Kijana alisikiliza, akauliza juu ya mwaka 1978, akauliza tena juu ya mwaka 1838, kisha akatuambia kwa adabu kwamba Jumapili ijayo bado ataenda kule. Karatasi ingali juu ya kabati, haijatiwa sahihi wala haijachanwa. Atatimiza miaka 18 mwezi wa Novemba. Baba yake ameomba zamu ya mchana siku za Jumatatu, ili jioni awe nyumbani.