Mbaazi: Mkulima wa Nalasi ajaze kwanza chungu chake

MKULIMA wa mbaazi wa Nalasi, wilayani Tunduru, ana kila sababu ya kuukumbuka msimu wa mwaka 2017. Zao lililokuwa limeuzwa zaidi ya Sh2,000 kwa kilo misimu michache kabla ya hapo lilishuka hadi chini ya Sh200 katika maeneo kadhaa nchini. Gunia la kilo 100 lililotarajiwa kuingiza Sh200,000 likawa halifikishi Sh20,000, fedha ambayo haitoshi hata kulipa vibarua wa kuvuna na kupura.

Tatizo halikuanzia shambani. India, ambaye ndiye mnunuzi wetu mkuu, ilivuna mbaazi nyingi na Agosti 2017 ikaweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje. Wenzetu wa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, walikuwa wamekubaliana na India tangu Julai 2016 kuhusu mauzo ya zao hilo, hivyo wakabaki na mlango wao. Sisi tulibaki na magunia.

Mei 2021 India ilifungua tena soko lake. Aidha, mauzo kwa mnada kupitia ushirika na stakabadhi ghalani yamewafanya wanunuzi washindane. Hata hivyo, mnada hauwezi kumleta mnunuzi ambaye nchi yake imefunga mlango.

Hapo ndipo ilipo faida ya mbaazi za uani. Familia inayopika nusu kilo mara tatu kwa wiki hutumia kilo 78 kwa mwaka, yaani karibu gunia zima. Bei ya India ikianguka, gunia hilo bado linalisha watoto na kuokoa fedha ya kitoweo. Mbaazi mbichi huuzwa gulioni kabla ya zile kavu kukomaa, miti yake ni kuni, na mizizi pamoja na majani yanayodondoka hurutubisha udongo wa mahindi.

Kwa aina za muda mrefu, panda mvua zinapoanza, mita 1.5 kati ya mistari na sentimita 50 kati ya mashimo, huku mahindi yakiwa katikati. Penye ugonjwa wa mnyauko, tafuta mbegu inayouhimili kama Mali, wala usirudie mbaazi mahali palepale kila mwaka. Baada ya kuvuna, kausha vizuri na hifadhi katika mifuko isiyopitisha hewa, vinginevyo fukusi watakula kabla yako.

Simshauri mkulima aache kuuza. Ninachosema ni kwamba atenge gunia la nyumbani kwanza, kisha apeleke ghalani linalobaki. Aliyeuza yote kwa matumaini ya bei ya India hujikuta akinunua mboga dukani kwa bei ya Nalasi.